SOMO LA AFYA: Kujenga pumzi ya mbio kwa mfanyakazi anayeanza



Kila mwaka Mei Mosi inapokaribia, asubuhi huko Musinzira utawaona wenzetu wameanza mbio. Jumatatu ni wengi na wanakwenda kasi. Jumatano wamebaki wachache, na miguu inawauma. Jumamosi hayupo hata mmoja. Ukiwauliza watakujibu: "Mbio si zangu, mimi sina pumzi."

Jibu hilo si la kweli. Pumzi haitolewi kwa watu wachache siku ya kuzaliwa. Pumzi hujengwa kama nyumba, tofali juu ya tofali. Waliokata tamaa siku ya tatu hawakushindwa na mbio, walishindwa na haraka. Somo hili litaeleza namna ya kuanza, hatua kwa hatua, kwa mtu anayefanya kazi ya mikono na asiye na fedha za kutupa.

Mtu anaweza kusema: "Mimi nabeba magunia mchana kutwa, mazoezi ya nini tena?" Ni swali la haki. Lakini kubeba gunia ni nguvu ya ghafula: misuli inakaza, damu inasukumwa kwa shinikizo kubwa, kisha unasimama kungoja gunia jingine. Mwenzetu anayechambua kahawa hukaa mahali pamoja kwa saa nyingi. Anayelinda mashine husimama hata miguu ikavimba. Kazi hizi zinachosha mwili, lakini haziupi moyo ile kazi ya taratibu isiyokatika ambayo ndiyo inayouimarisha.

1. PUMZI NI NINI?

Tunaposema mtu ana pumzi, hatusemi mapafu peke yake. Kuna mambo matatu. La kwanza ni moyo. Ukiuzoeza taratibu, kila pigo husukuma damu nyingi zaidi kuliko zamani. Kwa hiyo ukiwa umepumzika, moyo unapiga mara chache kwa dakika na kazi ile ile inafanyika. La pili ni mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, ambayo huongezeka na kufikisha hewa safi mahali inapohitajika. La tatu ni misuli yenyewe, ambayo hujifunza kuunguza chakula vizuri bila kujaa uchovu.

Mambo haya hayaji kwa siku tatu, yanataka wiki na miezi. Tena yafaa kujua kwamba moyo huzoea upesi kuliko mishipa ya nyama na mifupa. Ndiyo maana wiki ya nne mtu hujiona amekuwa simba, anaongeza mwendo, na hapo hapo anaumia kisigino au goti.

2. FUNDI WA VIATU ALIYEFUNDISHA DUNIA

Tuchukue mfano wa mfanyakazi mwenzetu wa mbali. Arthur Lydiard alikuwa mtu wa kiwanda cha viatu huko Auckland, New Zealand. Akiwa bado hajafika miaka 30, alijiona mzima kwa sababu alicheza raga. Siku moja alimfuata mkubwa wa klabu yake ya riadha katika mbio za kilomita nane hivi. Alichoka vibaya sana, akajiuliza: kama hivi ndivyo nilivyo leo, baada ya miaka mingi nitakuwaje?

Akaanza kujijaribu mwenyewe, huku akiendelea na kazi yake ya mshahara. Aligundua kwamba mbio ndefu za mwendo wa wastani ndizo zinazojenga msingi, na kasi huja baadaye. Vijana wa jirani wakamfuata. Mwaka 1960, katika Olimpiki ya Roma, wanafunzi wake wawili walipata dhahabu siku moja: Peter Snell katika mita 800 na Murray Halberg katika mita 5,000. Baadaye Lydiard aliwafundisha watu wa makamo, hata waliowahi kuugua moyo, wakimbie polepole. Fundisho lake kubwa lilikuwa hili: jizoeze, usijitese.

Hata hapa kwetu tunao mfano. Mwaka 1996, Burundi ilipoingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, Vénuste Niyongabo alijulikana zaidi kwa mita 1,500. Alimwachia mwenzake Dieudonné Kwizera nafasi katika mbio hizo, akaingia mita 5,000, akashinda dhahabu huko Atlanta. Mtu hawezi kurefusha mbio zake hivyo kama msingi wa pumzi haukuwapo tangu zamani.

3. MPANGO WA WIKI KUMI

Kimbia siku tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku pawe na siku ya mapumziko. Kila mara anza kwa kutembea dakika 5, umalize kwa kutembea dakika 5. Saa ya simu inatosha.

Wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea dakika 2. Rudia mara 8.
Wiki ya 3 na 4: kimbia dakika 2, tembea dakika 2. Rudia mara 6.
Wiki ya 5 na 6: kimbia dakika 5, tembea dakika 2. Rudia mara 4.
Wiki ya 7 na 8: kimbia dakika 8, tembea dakika 2. Rudia mara 3.
Wiki ya 9: kimbia dakika 12, tembea dakika 2, kimbia tena dakika 12.
Wiki ya 10: kimbia dakika 30 bila kusimama.

Wiki ikikushinda, irudie. Si aibu. Kuruka wiki ndiko kunakoleta hasara.

Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Ukikimbia uweze kuzungumza na mwenzako maneno kamili. Ukibaki na neno moja moja, umezidisha, punguza. Mwenye kwenda polepole hata akapitwa na mtembea kwa miguu, bado anajenga.

Baada ya wiki kumi, chagua siku moja katika wiki iwe ya mbio ndefu, na uiongeze dakika 5 tu kila wiki: 35, 40, 45. Wiki inayofuata rudi kwenye 30 ili mwili upumzike, kisha 50, 55, 60. Jumla ni wiki 17. Mwenye kufika hapo anaweza kutoka mjini Gitega mpaka Gishora penye ngoma, karibu kilomita 7, bila kusimama. Sasa hesabu: aliyeanza mwanzo wa Januari anakuwa tayari kwa Mei Mosi. Aliyeanza katikati ya Aprili anatafuta maumivu.

4. MILIMA YETU

Gitega iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na barabara zake hupanda na kushuka. Mgeni atokaye Bujumbura ataona pumzi inakata mapema. Asiogope, apunguze mwendo. Kwenye mlima fupisha hatua, tazama mbele, na ukichoka tembea. Kwenye mteremko usijiachie, maana huko ndiko magoti yanakoharibika. Anayeanza atafute kwanza mahali pa tambarare, kama uwanja wa mpira.

Barabarani kimbia upande wa kushoto, ili uyaone magari na baiskeli zinazokuja mbele yako. Baiskeli iliyobeba ndizi na kuteremka mlima haisimami kwa urahisi.

5. CHAKULA, VIATU NA USINGIZI

Hakuna dawa ya siri. Ugali, viazi vitamu, ndizi, maharagwe, lengalenga: hivyo ndivyo vinavyojenga mwili. Usikimbie mara tu baada ya kula, ngoja saa mbili. Kunywa maji kabla na baada. Bia si maji, huukausha mwili. Viatu vya mitumba vinafaa kama havikubani na soli haijaliwa upande mmoja. Na aliyetoka zamu ya usiku alale kwanza. Mwili hujengwa wakati wa kupumzika.

6. WAKATI WA KUACHA

Usikimbie ukiwa na homa. Ukihisi malaria, nenda kituo cha afya. Baada ya kupona ngoja uwe na nguvu, kisha rudi nyuma wiki mbili katika mpango. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo kupiga ovyo, simama na utafute mganga siku hiyo hiyo. Mwenye miaka zaidi ya 40 ambaye hajakimbia siku nyingi, mwenye shinikizo la damu au sukari, na mama mjamzito, waulize kwanza kituo cha afya.

7. TUFANYE KWA PAMOJA

Mtu mmoja huacha upesi, kikundi hushikana. Kila tawi lichague mwenzetu mmoja wa kuweka saa, na kikundi kiende kwa mwendo wa aliye mwisho. Akina mama ambao kazi ya nyumbani inawangoja wapangiwe saa inayowafaa, wasikimbie peke yao gizani. Mwarifuni mkuu wa mtaa: tukumbuke kwamba mwaka 2014 makundi ya mbio mjini Bujumbura yaliwekewa masharti kwa sababu za usalama.

Jambo la mwisho, na ni zito. Mbio si badala ya haki. Mfanyakazi ambaye mshahara haumtoshi kula mara mbili kwa siku hahitaji kuambiwa akimbie, anahitaji chakula. Mwajiri asiseme "wazoezeni watu wenu" ili asilete maji safi ya kunywa, viti kwa wanaochambua, na muda wa mapumziko. Tunajenga pumzi ili tuishi vizuri na kuwaona wajukuu, si ili tuongezewe magunia.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Katika kazi yetu, ni kiungo gani cha mwili kinachochoka zaidi, na kwa nini?
2. Ni saa gani na mahali gani ambapo wote, pamoja na akina mama, tunaweza kukutana mara tatu kwa wiki?
3. Kuna nini mahali petu pa kazi kinachomzuia mtu kupumzika na kula vizuri? Tutakidai namna gani?

Mwenda pole hajikwai. Tukutane barabarani.