Kutangulia Si Kufika: Maswali Saba Kuhusu Msimu wa Mbio za Ramani

Kila mwaka theluji inapoyeyuka Ulaya Kaskazini, maelfu ya watu huingia msituni, ramani mkono mmoja na dira mkono wa pili. Mchezo wao ni mbio za ramani, au orienteringi. Afrika Mashariki, ambako riadha iko damuni, bado mchezo huu haujazoeleka. Yafuatayo ni maswali ninayoulizwa mara nyingi kuuhusu, pamoja na majibu yake.

Mkimbiaji hufanya nini hasa?

Hupata ramani ya mashindano pale tu muda wake unapoanza kuhesabiwa. Juu yake kuna duara za zambarau zenye namba: hivyo ndivyo vituo, na lazima avipitie vyote kwa mpangilio. Kila kituo kina kibendera cheupe na cha chungwa, chenye upana wa sentimita 30, na kifaa cha kielektroniki kinachoandika kwamba amepita. Njia ya kutoka kituo hadi kituo anaichagua mwenyewe: apande kilima au akizunguke, akate kichakani au afuate njia ndefu iliyo wazi. Akikosa kituo kimoja, matokeo yake hufutwa hata akimaliza wa kwanza. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Hapa methali hiyo ni kanuni ya mchezo.

Mchezo huu ulianzia wapi?

Skandinavia. Mashindano ya kwanza ya raia yalifanyika karibu na Oslo, Norwe, mwaka 1897. Mwaka 1919 Ernst Killander wa Uswidi aliandaa mbio kubwa karibu na Stockholm, na tangu hapo mchezo ukashika mizizi. Shirikisho la kimataifa liliundwa Copenhagen mwaka 1961, likiwa na nchi 10. Miaka mitano baadaye Mashindano ya Dunia ya kwanza yakafanyika Fiskars, Finland.

Msimu unakwendaje?

Mbio za Kombe la Dunia hufanyika kwa raundi kadhaa, tangu majira ya kuchipua hadi ya kupukutika majani, na pointi hujumlishwa kumpata bingwa wa msimu. Katikati yake, mara nyingi Julai, huja Mashindano ya Dunia.

Lakini ukitaka kuuona moyo wa mchezo, tazama mbio za klabu za kupokezana. Tiomila ya Uswidi, iliyoanza mwaka 1945, ina wakimbiaji kumi katika timu ya wanaume, na mbio hukesha usiku kucha. Jukola ya Finland, iliyoanza mwaka 1949, ina saba. Jina lake linatokana na nyumba ya ndugu saba katika riwaya ya Aleksis Kivi. Hung'oa nanga Jumamosi ya Juni, saa 5 usiku. Mabingwa wa dunia na watu wa kawaida husimama mstari mmoja, taa zimefungwa kichwani, kisha mto wa mwanga unamiminika msituni.

Kwa nini mwaka mmoja ni msitu, mwaka mwingine ni mji?

Tangu 2019 Mashindano ya Dunia yamegawanywa hivyo. Mwaka wa msitu una mbio ndefu, ambazo mshindi wa wanaume humaliza kwa takriban dakika 90, mbio za kati za nusu saa hivi, na za kupokezana. Ndivyo ilivyokuwa Flims na Laax, Uswisi, mwaka 2023, na Kuopio, Finland, mwaka 2025. Mwaka wa mji, kama Edinburgh 2024, mbio ni fupi, kama robo saa, katikati ya vichochoro, ngazi na kuta. Msituni kosa hutokana na kupotea. Mjini hutokana na kuchagua upande usiofaa wa jengo ndani ya sekunde mbili. Mji nao huwaleta watazamaji karibu, na nchi isiyo na msitu mkubwa hupata nafasi ya kuwa mwenyeji.

Mwanariadha mwenye kasi hawezi kushinda kwa miguu yake tu?

Hawezi. Mtazame Matthias Kyburz wa Uswisi, bingwa wa dunia wa mbio za kati mwaka 2023. Aprili 2024 alikimbia marathoni yake ya kwanza, mjini Paris, kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 44, akapata nafasi ya kwenda Olimpiki. Wasomaji wa Iten na Arusha wanajua uzito wa muda huo. Hata hivyo, akiwa msituni Kyburz hupunguza mwendo anapokaribia kituo, ili macho yasome kontua, yaani mistari ya mwinuko, na mawe kabla miguu haijapitiliza. Anayeng'ang'ania kasi moja mwanzo mwisho huishia kuzunguka kichakani huku wenzake wakiondoka.

Ni tukio gani hulisahau?

Fainali ya kupokezana ya wanaume mwaka 2009, Miskolc, Hungaria. Mwaka uliotangulia Thierry Gueorgiou alikuwa akiiongoza Ufaransa katika mzunguko wa mwisho, nyuki akamuuma kooni, dhahabu ikaponyoka. Sasa alikuwa mbele tena. Mara Martin Johansson wa Uswidi akachomwa na kijiti kilichozama ndani ya paja. Gueorgiou alisimama. Anders Nordberg wa Norwe na Michal Smola wa Cheki nao wakasimama. Waliacha medali zikaenda, wakamhudumia mwenzao. Uswisi ikashinda.

Kanuni zinamtaka kila mkimbiaji amsaidie aliyeumia, lakini kanuni haimshiki mtu mkono msituni pasipo na mwamuzi. Mwaka 2011, nyumbani kwao, Ufaransa ilitwaa dhahabu ya kupokezana, na Gueorgiou ndiye aliyemalizia.

Mwalimu wa shule ya kawaida anaweza kuanzia wapi?

Kwenye uwanja wa shule. Chora ramani: madarasa, mwembe, bomba la maji, uzio. Weka alama sehemu kumi, ficha kadi yenye herufi katika kila moja, kisha waachie watoto wawili wawili. Wafundishe kwanza kuigeuza ramani hadi kaskazini yake ilingane na kaskazini ya nchi. Usisahau rangi zinazotumika duniani: njano ni mahali wazi, buluu ni maji, kahawia ni kontua, kijani ni kichaka kizito, na nyeupe ni msitu unaopitika. Hilo la nyeupe huwashangaza wengi.

Siku ya kwanza usishike saa. Hesabu herufi walizorudi nazo.