Macho Yanayotoa Machozi Kila Mara: Jinsi ya Kuyakinga na Kuyatuliza Nyumbani

Kiangazi kinapokolea Kajiado, vumbi hutimka kuanzia Magadi hadi Namanga, na zahanati zetu huanza kupokea wakazi wenye lalama moja: macho hayakauki. Wengi wao wangepata nafuu nyumbani kwa maji safi na mabadiliko madogo ya mazoea. Wachache, hata hivyo, hufika wakiwa wamechelewa, baada ya kujitia dawa zisizofaa kwa majuma kadhaa. Somo la toleo hili linalenga kukusaidia kujua uko katika kundi lipi.

Machozi hutoka wapi na huenda wapi?

Juu ya kila jicho kuna tezi inayotengeneza machozi mchana kutwa. Kila unapopepesa, kope hueneza machozi hayo juu ya jicho, kisha hutiririka kupitia vitundu viwili vidogo vilivyo kwenye pembe ya jicho karibu na pua. Kutoka hapo hupita kwenye mfereji mwembamba hadi ndani ya pua. Ndiyo maana mtu akilia sana, pua nayo hutoa kamasi.

Hivyo basi, jicho hufurika kwa sababu moja kati ya mbili. Ama kuna kitu kinachochokoza jicho likatengeneza machozi kupita kiasi, ama mfereji umeziba na machozi hayana pa kupitia. Kabla ya kutafuta dawa, jiulize: ni lini machozi huanza, na nikiwa wapi?

Visababishi vya kawaida

Moshi. Nyumba nyingi hupikia kuni ndani ya chumba chenye tundu dogo la hewa. Mama na watoto walio karibu na jiko ndio huumia zaidi.

Vumbi na upepo. Waendeshaji bodaboda, wachungaji na wanaofanya kazi kwenye machimbo ya mawe na mchanga wamo hatarini kila siku.

Mzio. Ukiona macho yote mawili yanawasha sana, unapiga chafya, na hali inarudi msimu ule ule wa maua au vumbi, huenda ni mzio.

Macho makavu. Hili huwashangaza wengi. Jicho lililokauka huchomwa na hewa, nalo hujitetea kwa kumwaga machozi ya ghafla. Hutokea sana kwa wazee na kwa wanaokodolea simu au kompyuta kwa saa nyingi, kwa kuwa mtu akitazama skrini hupepesa mara chache.

Maambukizi. Jicho huwa jekundu, hutoa tongo, na asubuhi kope huwa zimegandana. Mwanzoni mwa 2024, wakazi wa Mombasa na maeneo mengine ya Pwani walishuhudia jinsi ugonjwa wa macho mekundu unavyoweza kuenea kwa kasi kutoka mtu hadi mtu.

Trakoma: machozi yasiyopaswa kupuuzwa

Kajiado ni miongoni mwa kaunti za Kenya ambako trakoma imekuwa tatizo la muda mrefu, pamoja na Narok, Turkana, Samburu na Baringo. Ugonjwa huu husababishwa na bakteria na ndio maambukizi yanayoongoza duniani kwa kupofusha watu. Husambazwa kwa mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye nyuso zenye tongo na kamasi, hasa za watoto wadogo.

Mtoto akiambukizwa mara moja na kutibiwa, hupona. Akiambukizwa tena na tena kwa miaka, upande wa ndani wa kope hufanya makovu. Makovu hayo hukaza na kuvuta kope hadi nywele zake zinageukia ndani, zikawa zinakwaruza jicho kila linapopepesa. Wanawake huathirika zaidi kwa kuwa ndio walezi wa watoto. Mama wa makamo anayelia machozi kila siku na kuhisi mchanga machoni hahitaji maji ya chumvi, anahitaji kupimwa.

Baadhi ya kina mama hung'oa nywele hizo kwa kibanio. Nafuu hupatikana kwa muda mfupi, kisha nywele humea tena, na zile zilizokatikia njiani hukwaruza vibaya zaidi. Tiba ya kudumu ni upasuaji mdogo wa kope. Kuona kulikokwisha kupotea kwa sababu ya kovu kwenye kioo cha jicho hakurejeshwi na upasuaji huo, na hiyo ndiyo sababu ya kutosubiri.

Jinsi ya kukinga macho nyumbani

1. Osha nyuso za watoto kila asubuhi na kila zinapochafuka. Maji machache yanatosha. Kibuyu chirizi kilichotengenezwa kwa mtungi wa plastiki wa lita 5 kinaweza kuhudumia familia nzima.

2. Kila mtu awe na taulo yake. Usipanguse nyuso za watoto watatu kwa pindo moja la leso, wala msishirikiane wanja.

3. Punguza nzi. Tumia choo, kifunike, na uondoe kinyesi cha mifugo karibu na mlango wa nyumba.

4. Punguza moshi. Tumia kuni zilizokauka, fungua dirisha unapopika, na ikiwezekana pikia nje au weka bomba la kutolea moshi. Watoto wakae mbali na jiko.

5. Vaa miwani au kofia ya ukingo mpana kwenye upepo. Mwendeshaji bodaboda, teremsha kioo cha helmeti.

6. Kwa watumiaji wa skrini: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20, huku ukipepesa.

Jinsi ya kutuliza

Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Usisugue macho.

Kama ni vumbi, suuza jicho kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Kama ni mzio, weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika chache. Kama kope zimegandana, tumia kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, kisha panguza taratibu. Kila jicho litumie upande wake wa kitambaa, na kitambaa kifuliwe baadaye.

Mtoto mchanga mwenye jicho linalolengalenga machozi, lakini jeupe na lisilovimba, huenda mfereji wake haujafunguka. Mara nyingi hufunguka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka 1. Mhudumu wa kliniki atakuonyesha jinsi ya kukanda taratibu kwa kidole safi kutoka pembe ya jicho kushuka kando ya pua.

Sumu ya fira, utomvu wa mnyaa, saruji au dawa ya kuogeshea mifugo ikiingia machoni, mwagia maji safi mengi papo hapo kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitalini. Usipoteze muda kutafuta maji yaliyochemshwa. Tumia yaliyo karibu.

Usitie haya machoni

Maziwa ya mama, mkojo, asali, maji ya sukari, chai, majani yaliyotwangwa na dawa ya meno havifai. Huweza kuingiza vijidudu au kuchoma jicho. Usitumie matone ya jirani, wala kununua matone dukani bila kupimwa. Baadhi yana steroidi, ambayo hutuliza wekundu haraka lakini yakitumiwa vibaya huongeza shinikizo la jicho na kuharibu uwezo wa kuona.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo iwapo:

- Jicho linauma sana, au mwanga unaliumiza.
- Uoni umefifia ghafla.
- Kuna usaha mzito, au doa jeupe kwenye jicho.
- Jicho limechomwa na mwiba, kijiti au chuma.
- Mtoto wa chini ya mwezi 1 ana macho mekundu yenye usaha. Hii ni dharura.
- Macho ya mtoto yanaonekana makubwa kuliko kawaida, yana ukungu, au mboni inang'aa nyeupe.

Machozi yasiyo na dalili hizi lakini yanayoendelea zaidi ya juma 1 pia yapimwe.

Anza katika zahanati iliyo karibu nawe. Kama hujui pa kwenda, muulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Pia anaweza kukusaidia kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Na jioni ya leo, watazame nyuso wote walio nyumbani mwako mchana ukiwa bado na mwanga, wazee wakiwemo. Nyanya aliyezoea kupangusa macho kwa miaka mingi huenda hajawahi kulalamika kwa kudhani ni uzee tu.