Homa, Takwimu na Nyika: Kuisoma Hatari ya Ugonjwa Korogwe na Handeni

Mwaka 2003 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) walipima damu za wakazi wa vijiji viwili wilayani Korogwe, kimoja cha tambarare na kingine cha mwinuko. Katika kijiji cha tambarare, asilimia 78.4 ya waliopimwa walikutwa na vimelea vya malaria. Katika kijiji cha mwinuko, asilimia 24.7. Upimaji uliendelea, na kufikia mwaka 2008 viwango hivyo vilikuwa vimeshuka hadi asilimia 13.0 kwa tambarare na 3.1 kwa mwinuko.

Mtoto mwenye homa aliyepelekwa zahanati mwaka 2003 na mtoto mwenye homa aliyepelekwa mwaka 2008 wangeweza kukaa kwenye benchi lile lile, wakahudumiwa na tabibu yule yule. Ngozi zao zingekuwa na joto lile lile. Lakini hawakuwa wagonjwa wa aina moja, na tabibu ambaye hakuzisoma namba hizo angewatibu kana kwamba ni mmoja.

Namba mbili, maana nyingi

Swali la kwanza ambalo takwimu hizi huibua ni dogo, ila huwakanganya hata wataalamu: ni kijiji gani kilichopata nafuu zaidi? Ukigawanya, kijiji cha mwinuko kimeshuka karibu mara nane, na kile cha tambarare mara sita tu. Ukitoa, kijiji cha tambarare kimepunguza zaidi ya watu 65 wenye vimelea katika kila 100, na kile cha mwinuko kimepunguza takriban 22. Majibu yote mawili ni sahihi. La kwanza ni ulinganisho wa uwiano, la pili ni hesabu ya watu halisi. Anayepanga bajeti ya vyandarua anahitaji jibu la pili, na anayetaka kuonyesha mafanikio ya mradi wake mara nyingi huchagua lile linalong'ara. Msomaji mwangalifu hudai yote mawili.

Kosa la jinsi hiyo ndilo linaloizunguka chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoifanyia majaribio ya awamu ya tatu kati ya mwaka 2009 na 2014. Kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, matukio ya malaria yalipungua kwa asilimia 36 katika muda wa takriban miaka minne. Wapo wanaoisoma namba hiyo wakidhani kwamba watoto 64 katika 100 lazima waugue. Sivyo. Maana yake ni kwamba mahali ambapo kundi lisilochanjwa lingepata matukio 100 ya malaria, kundi lililochanjwa lilipata takriban 64. Mahali penye malaria nyingi, theluthi hiyo moja ni watoto wengi mno.

Kipimo kinapobadilika bila kubadilika

Swali la pili ni zito zaidi. Turejee kijiji cha tambarare. Mwaka 2003, watu wanane kati ya kila kumi walikuwa na vimelea, na wengi wao walikuwa wakitembea, wakilima na kwenda shule. Kwa hiyo kumkuta mtoto mwenye homa na vimelea hakukuthibitisha kwamba vimelea ndivyo vilivyoileta homa, kwa sababu hata jirani yake asiyeumwa alikuwa navyo. Homa hiyo ingeweza kuwa nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au bakteria katika damu, huku vimelea vikiwapo tu.

Mwaka 2008 mambo yaligeuka. Vimelea vikawa haba, na kumkuta mgonjwa navyo kukawa na uzito zaidi wa ushahidi. Hata hivyo ukaja mtego mwingine. Ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kipimo cha haraka hugundua asilimia 95 ya wenye vimelea na humtambua kwa usahihi asiye navyo kwa asilimia 95. Katika watu 1,000 wa mwaka 2003, majibu chanya yangekuwa takriban 756, na kati ya hayo 11 tu yangekuwa ya uongo. Katika watu 1,000 wa mwaka 2008, majibu chanya yangekuwa takriban 167, na kati ya hayo 43 au 44 yangekuwa ya uongo, yaani zaidi ya robo. Kipimo ni kile kile, kimetengenezwa kiwandani kule kule. Kilichobadilika ni kijiji. (Katika maisha halisi lipo jambo jingine: vipimo vingi vya haraka hunasa protini ya kimelea ambayo inaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Ndiyo maana kumuuliza mgonjwa lini alimeza dawa mseto mara ya mwisho ni sehemu ya kusoma kipimo.)

Gharama ya kutosoma

Mwaka 2004 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali walipimwa upya kwa hadubini kwa uangalifu. Waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062, sawa na asilimia 46.1. Zaidi ya nusu hawakuwa na malaria.

Vifo ndivyo vinavyopaswa kumsimamisha msomaji. Miongoni mwa waliokuwa na vimelea, walifariki asilimia 6.9. Miongoni mwa wasiokuwa navyo, walifariki asilimia 12.1, na wengi katika kundi hili hawakupewa antibiotiki. Namba hizi zisisomwe kwa haraka. Hazisemi kwamba kukosa vimelea kunaua, wala kwamba kila aliyefariki angeokolewa na antibiotiki, kwa kuwa makundi haya mawili yalikuwa na magonjwa tofauti. Zinachosema ni kwamba jina la ugonjwa lilikwisha kutolewa kabla ugonjwa haujatafutwa, na uliobaki bila kutafutwa ndio ulioua zaidi.

Lawama kwa matabibu peke yao zingekuwa rahisi mno. Kwa miaka mingi walifundishwa kwamba homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na mahali ambapo watu wanane katika kumi wana vimelea mafundisho hayo yalikuwa na busara yake. Mgonjwa naye ana sehemu yake. Aliyetembea saa tatu na kulipa nauli hurudi nyumbani akiona aibu akiambiwa “hakuna kitu”, hivyo dawa ya malaria huandikwa ili safari isiwe ya bure. Na lugha yenyewe imechangia: mazungumzoni, “nina malaria” limekuwa neno la kila uchovu na kila maumivu ya viungo. Kwa upande mwingine, malaria kali ya mtoto inapokuja na mitukutiko ya mwili huitwa degedege, na sehemu nyingi za pwani degedege imehusishwa na ndege au pepo, hivyo mtoto akatangulizwa kwa mganga wa jadi. Jina moja likawa pana kupita kiasi, jingine likaitenga malaria mahali ilipokuwa hatari zaidi.

Handeni: kusoma zaidi ya namba

Takwimu za miaka sita zina mpaka. Zinaonyesha hatari ilipopanda au kushuka, ila mara nyingi hazisemi kwa nini. Katika miaka ile ile ya Korogwe mambo mengi yalitokea kwa pamoja: dawa ya SP ilichukua nafasi ya klorokwini mwaka 2001, Hati Punguzo za vyandarua kwa wajawazito zikaanza mwaka 2004, na dawa mseto ikaingia mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007. Kumpa mmoja sifa yote ni kusema zaidi ya ushahidi. Wala mteremko haudumu wenyewe: kitaifa, kiwango cha malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano kilikuwa takriban asilimia 18 mwaka 2007/08, kikashuka, kikapanda tena hadi takriban 14 mwaka 2015/16, kikafika 7 mwaka 2017 na 8 mwaka 2022.

Kwa swali la “kwa nini”, vitabu vya historia husaidia, na Handeni imebahatika kuwa nacho kimoja. Mwaka 1992 mwanahistoria James Giblin alichapisha kitabu kuhusu siasa za udhibiti wa mazingira kaskazini-mashariki mwa Tanzania kati ya mwaka 1840 na 1940, na kiini chake ni Uzigua. Hoja yake ni hii: kabla ya ukoloni, Wazigua waliishi na mbung'o na ugonjwa wa nagana wa mifugo bila kuangamizwa nao, kwa sababu watu walikusanyika, walilima na kufyeka, na nyika ikawekwa mbali. Mpangilio huo ulisimama juu ya uhusiano wa kijamii. Wakuu wenye akiba ya nafaka waliwalisha watu wao wakati wa njaa, na watu hao wakabaki na kuendelea kulima.

Utawala wa Kijerumani ulipouvunja uwezo wa wakuu hao, nzige, ukame na njaa za mwaka 1894 hadi 1896 na 1898 hadi 1900 ziliwakuta watu bila kinga ile. Wengi walikufa au walihama. Mashamba yakarudi kuwa pori, wanyamapori wakasogea, mbung'o wakafuata, na ng'ombe wakaisha. Mtaalamu aliyefika baadaye na kuhesabu mbung'o peke yao angeandika kwamba Handeni ni nchi ya maradhi kwa asili yake. Angekuwa amehesabu vizuri na kusoma vibaya.

Somo hilo linakihusu kitabu cha MTUHA cha leo. Daftari huhesabu waliofika. Mama aliyekwama ng'ambo ya mto mvua ikinyesha, mfugaji aliyehama na mifugo, kibarua asiyeweza kupoteza ujira wa siku, hawamo. Hesabu ya homa ikipungua mwezi wa masika, huenda ugonjwa umepungua, na huenda barabara imekatika. Kila asilimia ina namba ya chini, yaani asili ya sehemu, na kuuliza ni nani aliyehesabiwa humo ni kazi ya kitabibu kama ilivyo kushika stetoskopu.

Kwa mgonjwa na mzazi

Homa ya mtoto ipimwe kabla ya dawa. Jibu likiwa chanya, dawa imalizwe. Likiwa hasi, ni haki ya mzazi kuuliza, “Sasa homa hii inatokana na nini?” na tabibu anawajibika kutafuta. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu apelekwe kituoni mara moja, jibu la kipimo liwe lolote.

Zoezi kwa watumishi wa kituo

Chukueni daftari la wagonjwa wa nje la miezi 12 iliyopita. Kwa kila mwezi, andikeni wagonjwa wa homa wangapi walifika, wangapi walipimwa, wangapi walikuwa chanya, na wangapi wenye jibu hasi walipewa dawa ya malaria hata hivyo. Kisha orodhesheni vitongoji vyote vinavyohudumiwa na kituo, na mbele ya kila kimoja andikeni idadi ya wagonjwa waliotoka huko. Kitongoji chenye sifuri kijadiliwe kwanza, pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayekifahamu.