RANGI HII NI YA KULA AU YA MIKEKA?

Wanafunzi wapenzi, pamoja nanyi wazazi mnaowasomea wadogo jarida hili nyumbani, somo letu safari hii ni la rangi.

Sikukuu ya Idd ikifika, angalieni meza za nje ya viwanja: ubuyu mwekundu, kashata za waridi, barafu za vifuko za kijani na za machungwa, na nyumbani sinia la biriani lenye wali wa manjano. Halafu nendeni sokoni mkaone unga wa rangi wanaonunua mama zetu kwa ajili ya kukolea ukindu wa mikeka na vikapu. Nao ni mwekundu, wa manjano na wa kijani. Ukipimwa kwa kijiko na kufungwa katika kifuko cha nailoni kisicho na maandishi, nani atatofautisha unga wa mkeka na unga wa juisi? Jicho haliwezi. Ulimi nao hauwezi, na si wa kujaribia.

Mnaikumbuka ile hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni penye rundo la nafaka. Hakuishia kutazama juu. Aliingiza mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji, na mwenye mali akaulizwa kwa nini ule ulioloa hakuuweka juu watu wauone. Wengi huisoma hadithi hii kwa ajili ya hukumu ya ghushi, nayo ni sahihi. Mimi napenda pia tuutazame ule mkono. Kitu kilipimwa kwanza, kisha kikasemwa. Katika rangi, mkono wa kuingiza ndani ya rundo ni kipimo kiitwacho kromatografia ya tabaka jembamba.

Jina ni refu lakini maana yake ni nyepesi: limetokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya rangi na kuandika. Aliyeianzisha njia hii ni Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea wa Urusi, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1900 alipitisha maji ya majani mabichi katika bomba lililojaa unga wa chokaa, akaona kijani na manjano vikijitenga kwa mistari. Mwaka 1938 Izmailov na Shraiber, huko Kharkov, walitandaza unga juu ya kioo badala ya kuujaza katika bomba, na katika miaka ya 1950 Mjerumani Egon Stahl akaiwekea njia hiyo vipimo maalumu ambavyo maabara zote zingeweza kuvifuata. Ama rangi zenyewe za viwandani, ya kwanza kupata umaarufu ilipatikana London mwaka 1856. Kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na mabaki ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, akapata zambarau.

Sasa, rangi hujitenga vipi? Chukulia watu watatu wanaoshuka stendi pamoja, wote wanakwenda msikitini kwa mguu. Wa kwanza ni mgeni, hamjui mtu, anakwenda moja kwa moja. Wa pili ana rafiki mmoja mmoja njiani. Wa tatu ana shangazi katika kila nyumba, na kila nyumba lazima abishe hodi. Waliondoka pamoja, lakini baada ya nusu saa kila mmoja yuko mahali pake. Katika kibao cha kupimia, nyumba za mashangazi ni unga mweupe uitwao silika, uliopakwa juu ya kioo au bati la alumini kwa unene wa kama robo milimita. Mwendo unatokana na kimiminika kinachopanda juu kupitia ungaunga huo, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Kimiminika hicho tunakiita kiyeyushi. Rangi inayoipenda silika huchelewa, na inayopenda zaidi kiyeyushi huwahi.

Mpimaji huchora mstari kwa penseli, sentimita moja au moja na nusu kutoka chini ya kibao. Ni penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu wino wenyewe ni rangi nao utaanza safari. Juu ya mstari huo hudondosha doa dogo la rangi inayochunguzwa, na kando yake madoa ya rangi zinazojulikana, zile zenye namba kama E102 ya manjano, E110 ya machungwa, E122 na E124 nyekundu. Kibao husimamishwa katika chombo chenye mfuniko, kiyeyushi kikiwa chini ya mstari. Kikiufikia mstari, madoa yatayeyukia chini na kazi imeharibika. Kwa rangi za chakula zinazoyeyuka katika maji hutumika mchanganyiko kama wa butanoli, ethanoli, maji na amonia, na safari huchukua nusu saa au zaidi.

Kiyeyushi kikikaribia juu, kibao hutolewa na mahali kilipofika huwekwa alama upesi kabla hakijakauka. Kisha hesabu, na hii hata mtoto wa darasa la tano anaiweza: umbali uliokwenda doa gawanya kwa umbali uliokwenda kiyeyushi. Tuseme doa limekwenda sentimita 3.6 na kiyeyushi sentimita 8; jibu ni 0.45. Wanakemia huliita jibu hilo Rf, na halizidi 1 kamwe, maana abiria hawezi kulitangulia gari lake.

Hapa ndipo nawaomba msome polepole. Doa la ubuyu likilingana na doa la E122, je, tumethibitisha kwamba ni E122? Hapana. Rangi mbili tofauti zaweza kuwa na mwendo mmoja katika kiyeyushi kimoja, kama vile watu wawili wanavyoweza kuvaa kanzu za mshoni mmoja. Mpimaji mwaminifu hurudia kwa kiyeyushi cha aina nyingine, na maabara kubwa huongeza mashine. Nyie mmefundishwa habari ya mashahidi wawili. Basi doa moja ni shahidi mmoja. Heshima ya mama anayeuza kashata pale kona haiondolewi kwa doa moja, wala kwa uvumi wa kwenye simu.

Doa lisilolingana na rangi yoyote inayoruhusiwa ni habari nzito zaidi. Mwaka 2003 Ulaya ilianza kudai cheti kwa pilipili ya unga inayoingia, baada ya kugunduliwa Sudan I ndani yake. Hii ni rangi ya viwandani inayotumika katika nta na rangi za viatu, na licha ya jina lake haitoki nchi ya Sudani. Februari 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya vyakula kwa sababu ya pilipili ya namna hiyo iliyoingia katika sosi moja. Karibu na kwetu, mwaka 2015 mamlaka ya chakula ya Ghana ilitangaza kuikuta Sudan IV katika mawese ya masoko ya Accra. Jamii hii huyeyuka katika mafuta, si katika maji, kwa hiyo viyeyushi vyake ni vingine. Katika kile cha rangi za juisi hukimbilia juu kabisa na kukudanganya.

Hata rangi inayoruhusiwa ina kiasi chake, na kibao hakikwambii kiasi kwa urahisi. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO mwaka 2016 iliweka kwa E102 kikomo cha miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 20, basi, ni miligramu 200. Mwaka 2007 uchunguzi wa Southampton, Uingereza, ulihusisha mchanganyiko wa rangi kadhaa na utundu uliozidi kwa baadhi ya watoto, na tangu Julai 2010 Ulaya inataka onyo liandikwe kwenye vyakula vyenye rangi hizo. Mzazi asikimbilie kusema mwanangu hasomi kwa sababu ya barafu. Lakini asiseme pia kwamba haidhuru hata akinywa vifuko kumi.

Silika na butanoli hatunazo madrasa, lakini chaki tunazo. Chukua chaki nyeupe nzima, uzungushie mstari kwa kalamu nyeusi ya rangi ya maji, kama sentimita mbili kutoka chini, kisha isimamishe katika kisahani chenye maji kidogo yasiyofika mstari. Subiri. Weusi ule utapanda na kugawanyika, mara nyingi bluu, zambarau au manjano. Kisha fanya hivyo kwa tone la rangi ya kijani ya chakula, na mara nyingi utakuta kijani hicho ni manjano na bluu vilivyofuatana. Maka peni isiyofutika haitasogea kwa maji. Inataka spiriti, na spiriti ishikwe na mwalimu, mbali na moto.

Jaribio jingine ni la jikoni. Mimina juisi ya rozela katika glasi moja na maji yenye rangi nyekundu ya dukani katika nyingine, kisha tia magadi yaliyoyeyushwa kila upande. Rozela itageuka kuelekea bluu au kijani, kwa kuwa rangi ya ua hubadilika ikikutana na magadi. Nyingi za dukani hubaki nyekundu au hubadilika kidogo tu. Kwa hiyo anayekuuzia “rozela asilia” isiyogeuka hata kidogo, una haki ya kumuuliza. Mkimaliza mwageni, msinywe.

Ama E120, hiyo si ya viwandani. Hutolewa kwa wadudu, na wanazuoni wamekhitalifiana juu yake. Muulizeni sheikh wenu, si kibao.

Mwenye shaka ya kweli asiishie kwenye chaki. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, baada ya kuondolewa iliyokuwa TFDA, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Dodoma. Afisa afya wa kata ndiye mlango wa karibu. Mpelekee kifuko kikiwa hakijafunguliwa, pamoja na tarehe na mahali kiliponunuliwa, na ukikihifadhi kwa siku chache kiweke gizani, maana baadhi ya rangi hupauka kwa mwanga wa jua.