Piga Hesabu Mpaka Siku ya Kuhamia

Mdogo wangu, siku ukipita Chanika, Kivule au Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, tazama maboma. Kuta zimesimama, lenta imefungwa, ndani kumeota majani. Wenye maboma hayo wako mjini wanalipa kodi ya miezi sita sita. Wengi wao si wafujaji wa pesa. Walipewa hesabu ya boma wakaiona ni hesabu ya nyumba.

Fundi ukimuuliza "itakula kiasi gani?", atakutajia tofali, saruji, nondo, bati na ujira wake. Hakudanganyi, ndicho ulichomuuliza. Wewe muulize tena: mpaka nilale humo, itakula kiasi gani? Hapo ndipo yatatokea mambo mapya. Kuna mchoro na kibali cha ujenzi cha halmashauri. Kuna boza la maji kama bomba halijafika mtaani, kibanda cha kuwekea saruji, na mlinzi. Kama njia ni mbovu, lori litamwaga mchanga mbali na utawalipa wasombaji juu ya bei ya mchanga wenyewe.

Kisha linakuja kundi zito, lile la baada ya kupaua: nyaya, mabomba, plasta, madirisha, grili, milango, dari, vigae, rangi, karo la maji machafu, kuunganishiwa umeme na maji. Grili na vigae peke yake vinaweza kukutoa jasho kuliko msingi. Kwa hiyo nakusihi, kupaua kuhesabu kuwa katikati ya safari. Mlipe mkadiriaji majenzi akuandikie mchanganuo wote, halafu ongeza asilimia 10 hadi 15 ya dharura, na fungu hilo usiliguse kwa ajili ya geti zuri.

Na anayenunua nyumba iliyokwisha? Bei ya muuzaji haiji peke yake. Kuna upekuzi wa hati, wakili, ushuru wa stempu wa asilimia 1, ada za kuhamisha umiliki. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, ila hati haihami mpaka ilipwe, na wauzaji wengine huisukuma kwa mnunuzi dakika za mwisho. Iandikwe kwenye mkataba nani analipa, kabla hujatoa hata shilingi. Uliza pia kama pango la ardhi linadaiwa.

Sasa mkopo. Chukua mfano wa milioni 50 kwa riba ya asilimia 15, miaka 15. Rejesho ni kama 700,000 kwa mwezi, na mwisho utakuwa umelipa karibu milioni 126. Riba ikiwa asilimia 18, rejesho linapanda hadi kama 805,000. Juu yake kuna ada ya mkopo, uthamini na bima. Si kwamba nakukataza, nataka uende benki ukiijua namba hiyo. Kwa anayejenga kidogo kidogo, naona ni salama zaidi kukopa kiasi kinachofunga hatua nzima, mathalani kupaua na kuweka milango, kuliko kukopa kikubwa kikaishia katikati. Pesa ya kikoba nayo ina tarehe yake ya kurudi, usiizike kwenye msingi.

Hili wanawake walishike: chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ukiletewa karatasi usaini, isome yote, uliza rejesho ni kiasi gani na litatoka wapi.

Halafu kuna kipindi ambacho wengi hawakiandiki popote: miezi ya kulipa kodi ya pango na rejesho la benki kwa pamoja. Kiweke kwenye bajeti sasa hivi, kodi ya miezi sita angalau, maana fundi akikuambia Desemba tunahamia, wewe jipangie Juni.