Giaboksi Haijafa Bado: Vidokezo kwa Wenye Pikapu Kabla ya Msimu wa Korosho

Minada ya korosho ikikaribia, mara nyingi Oktoba, kila chenye matairi kati ya Masasi na Newala kinapata kazi. Hilux iliyolala miezi chini ya mwembe huku Mkomaindo inaamshwa, inapigwa maji, inapakiwa magunia kwenda ghala la AMCOS. Halafu inagoma. Ikigoma kuwaka, kila mtu anasema betri. Ikigoma kutembea, kila mtu anasema giaboksi. Vyote viwili ni ghali, na vyote viwili husingiziwa sana. Kabla hujafungua pochi, pitia haya kwa mpangilio wa bei: kisicho na gharama kwanza, cha kuuza mbuzi mwisho.

1. Fungua masikio kabla ya boneti.
Zungusha ufunguo, usikilize. Ukisikia tik-tik-tik ya haraka na taa za dashibodi zinafifia, umeme haufiki wa kutosha: betri iko chini au vibanio vyake vimelegea. Ukisikia "tak!" moja nzito na taa zimebaki kali, mtazame stata na waya wake. Kukiwa kimya kabisa na taa zinawaka vizuri, betri mwache kwanza. Gari la otomatiki lina swichi inayozuia injini isiwake likiwa kwenye gia, na swichi hiyo huchoka. Toa gia kwenye P, weka N, jaribu tena. Likiwaka, umeshapata jibu bila kununua hata fyuzi. Manyuali nyingi za siku hizi nazo zina swichi ya namna hiyo juu ya pedali ya klachi, kwa hiyo kanyaga mpaka chini kabisa kabla hujamwita mtu.

2. Safisha vichwa vya betri, hasa kama umebeba salfa.
Kuanzia katikati ya mwaka mikorosho inapopuliziwa dhidi ya ubwiriunga, pikapu za huku hubeba mifuko ya salfa, na unga wake huingia kila penye tundu. Salfa na shaba hazipatani: waya wa shaba unavaa ngozi nyeusi na umeme unapita kwa shida. Ongeza ukungu mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vyenyewe, na utaelewa kwa nini betri nzima inaonekana mgonjwa. Fungua waya wa hasi kwanza, wa chanya baadaye. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Mimina maji ya moto yenye magadi soda, sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha, kaza, paka grisi kidogo juu. Angalia tu maji hayo ya magadi yasiingie kwenye matundu ya betri, yataua asidi iliyomo. Na kibanio ukikikaza kisizunguke hata ukikivuta kwa mkono wenye hasira.

3. Nunua multimita. Ndogo tu.
Kuna mazungumzo hayaishi gereji. Dereva: "Fundi, betri imekufa." Fundi: "Nani kaipima?" Dereva anakaa kimya, kwa sababu aliyeipima ni utingo, kwa kuitazama.

Pima asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na halijawashwa. Volti 12.6 au zaidi kidogo, betri imejaa. 12.4, imebaki kama robo tatu. 12.2, nusu. Chini ya 12, imeisha chaji, lakini kuisha chaji na kufa ni mambo mawili. Sasa mwenzako azungushe ufunguo huku wewe unatazama kioo cha mita: betri iliyojaa ikianguka chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka, hiyo ndiyo iliyochoka. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na pointi, alternata haichaji au mkanda wake unateleza, na hata ukiweka betri mpya leo, Jumapili utakuwa unasukuma tena. Ikipanda kuvuka 15, alternata inaichemsha betri. Hapo utaona maji ya betri yanapungua kila wiki bila sababu.

4. Waya wa bodi ndio mchawi wako.
Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko pengine popote, kwa sababu barabara zetu zinatikisa. Umeme unaotoka betri kwenda stata lazima urudi, na unarudia kwenye injini na bodi, kupitia waya mnene au mkanda wa shaba iliyosukwa unaounganisha hasi, injini na fremu. Mtikisiko unaukata uzi mmoja mmoja. Kwa nje unaonekana mzima. Ukiukunja kwa vidole unasikia unachakarika, na unga wa kijani unadondoka.

Kuupima ni rahisi. Mguu mmoja wa multimita kwenye kichwa cha hasi cha betri (kichwa chenyewe, kibanio usikiguse), mwingine kwenye chuma kisafi cha injini. Mwenzako azungushe stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, waya huo unakula umeme wako. Kuubadilisha ni bei ya chakula cha mchana.

Na tazama unavyoleta vurugu mbali na betri. Umeme ukikosa njia yake unatafuta nyingine: unapita kwenye kebo za gia, kwenye kebo ya mafuta, hata kwenye beringi za giaboksi. Kebo ya gia inayopata moto wakati wa kuwasha haina ugonjwa wa gia hata kidogo. Kwenye otomatiki ni balaa zaidi, maana kompyuta ya giaboksi ikipata volti pungufu inachanganyikiwa: gia zinagonga, taa inawaka, gari linang'ang'ania gia moja. Kuna watu wameshusha giaboksi nzima kwa kosa la mkanda wa shaba.

5. Joto linakunywa betri.
Wengi wanadhani baridi ndiyo adui. Baridi inaonyesha betri iliyokwisha dhoofika. Anayeidhoofisha ni joto, na joto la Masasi mnalijua. Betri ya kufunguka, ifungue kila mwezi. Maji yafunike vile vibao vya ndani. Yakipungua ongeza maji ya betri ya dukani, basi. Maji ya bomba yana madini, ya kisima zaidi. Asidi usiongeze: kinachokauka ni maji, asidi imebaki humo humo. Futa vumbi juu ya betri pia, maana vumbi lenye unyevu wa asidi linapitisha umeme taratibu usiku kucha. Na ibane kwenye kitako chake. Betri inayocheza inajivunja tumbo yenyewe.

6. Usibusti Hilux kwa Fuso.
Fuso na Canter nyingi zinazobeba korosho kwenda Mtwara zina volti 24. Pikapu yako ina 12. Ukiziunganisha unaweza kuchoma kompyuta, redio na alternata kwa pigo moja. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zina betri mbili kwa sababu hiyo hiyo ya volti 24, basi uliza kabla ya kushika waya. Ukipata gari la volti 12: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyoisha, kisha chanya ya nzima, nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Betri inayochaji hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja inatosha kukurushia asidi usoni.

Kusukuma je? Manyuali ya zamani yenye injini kama 5L au 1HZ itakubali, mradi betri imebakiza kaumeme. Dizeli za kisasa za D-4D zinahitaji umeme wa kompyuta kwanza. Betri ikiwa tupu kabisa mtasukuma mpaka Ndanda. Otomatiki haiwashwi kwa kusukuma, mtaumia miguu bure.

7. Gia ngumu? Zima injini ujaribu.
Injini ikiwa imezimwa, ingiza gia zote. Zikiingia laini, kisha injini ikiwaka zikakataa au rivasi ikasaga, giaboksi iache ilivyo: klachi haiachii. Angalia mafuta kwenye kikopo cha klachi, angalia kama silinda ya chini inavuja, toa hewa. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, hapo ndipo uanze kutazama viungo vya lever, oili, na mwisho kabisa giaboksi yenyewe.

8. Klachi inateleza kwa sababu unaidai.
Injini inapiga kelele, spidi haipandi, kuna harufu kali ya kuungua: klachi inateleza. Kipimo: mahali tambarare, handibreki juu, mtu asisimame mbele, ingiza gia ya nne, achia klachi taratibu ukikanyaga mafuta kidogo. Injini ikizima, klachi bado inashika. Ikiendelea kunguruma gari limesimama, imekwisha. Jaribu mara moja tu, ukirudia unaimalizia.

Sasa hesabu. Gunia la korosho ni kama kilo 80. Magunia 12 ni kilo 960, na Hilux imetengenezwa kubeba tani moja hivi, pamoja na wale vijana waliokaa juu. Tanki la lita 1,000 la kupeleka maji huko juu Newala ni tani kamili kabla hujaweka tanki lenyewe. Kirikuu imepewa kilo 350, yaani magunia manne. Mengine ni imani. Ukipandisha mzigo wa kupita kiasi kwenye mlima wa Newala huku mguu umeegemea klachi, usimtafute mchawi.

Kwenye mchanga mwekundu wa juu, tumia L4 mapema, kabla hujazama. Gia za chini ndizo zinazovuta, klachi inapumzika. Punguza upepo wa matairi mpaka psi 20 hivi gari likiwa tupu, ujaze tena ukifika lami. Na ukifika lami kavu toa foo-wili, la sivyo mfumo unajinyonga wenyewe. Kuteremka, usiteremke kwa fri ili kubana mafuta. Wanaokwenda kutazama bonde la Ruvuma pale Shimo la Mungu wanajua bonde lilivyo chini.

9. Kelele zina anwani.
Gari limesimama, fri, injini inawaka. Kelele inatokea ukikanyaga klachi: rilizi beringi. Kelele ipo, inapotea ukikanyaga: beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Mlio kwenye gia zote isipokuwa ya nne: beringi za shafti ya chini, kwani giaboksi nyingi za gia tano hupitisha nguvu moja kwa moja kwenye gia ya nne. "Ngo!" moja ukianza kuondoka: krosi za propela, zipige grisi kabla hujazibadilisha. Gia inayoruka yenyewe, angalia kwanza mpira unaoshikilia giaboksi. Barabara zetu zinaukata.

10. Weka kidole kwenye oili.
Gari likiwa tambarare, fungua tundu la kujazia kabla ya la kumwagia. Kuna waliomwaga kwanza, kisha tundu la juu likagoma kufunguka, na gari likalala gereji bila tone. Oili ifike ukingo wa tundu. Kidole kikiingia kikavu, umepata ugonjwa. Kwenye sumaku ya nati ya chini, tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu si vya kawaida. Vumbi linalometameta rangi ya dhahabu ni pete za shaba zinazolainisha gia, zinalika. Soma kitabu cha gari kuhusu GL-4 au GL-5, kwa sababu baadhi ya GL-5 hazifai kwenye giaboksi zenye pete za shaba. Bei isiwe kigezo pekee.

11. Otomatiki: nusa.
Oili nzuri ni nyekundu. Ya kahawia inayonuka kuungua imeshapikwa. Ya waridi yenye ukungu kama maziwa imeingiliwa na maji ya rejeta. Zima gari hapo hapo, kila kilomita inaongeza bili. Yenye kijiti hupimwa injini ikiwa ya moto na inawaka, baada ya kupitisha lever kwenye gia zote na kuirudisha P. Hilux za toleo la 2015 na kuendelea hazina kijiti, zinapimwa chini ya gari na mtu anayejua. Likiharibika njiani, otomatiki isivutwe kwa kamba matairi ya nyuma yakiwa yanazunguka. Ipande juu ya gari jingine, au fungua propela.

12. Ukilazimika kununua giaboksi ya mtumba.
Nenda na namba ya yako, usiende na jina la gari. Izungushe kwa mkono kwenye kila gia, tikisa shafti ya mbele, fungua nati ya chini utazame sumaku mbele ya muuzaji. Akikataa kufungua nati, rudi nyumbani na pesa yako.