Teknolojia ya Kusikilizana: Matarajio ya Wanafunzi wa Kiswahili wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Utangulizi

Makala haya yanajadili swali moja: mwanafunzi wa shule ya upili anapoitaka teknolojia ya kidijitali katika somo la Kiswahili, huwa anataka nini hasa? Kwa muda mrefu mjadala wa teknolojia shuleni nchini Kenya umekuwa mjadala wa vifaa: vimenunuliwa vingapi, vimefika wapi, na ni nani aliye na ufunguo wa chumba cha kompyuta. Ni nadra mwanafunzi mwenyewe kuulizwa.

Mawazo yaliyomo humu yalichipuka wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika mazungumzo ya kawaida na wanafunzi wa shule za kutwa za bara ya Mombasa, yaani ng'ambo ya kisiwa: Likoni upande wa kusini wa kivuko, Kisauni upande wa kaskazini, na Changamwe upande wa magharibi. Hoja yetu ni kwamba mwanafunzi huyu anataka mambo matatu: kusikia, kuuliza na kutunga. Teknolojia anayopewa, kwa kiasi kikubwa, humtaka afanya jambo la nne, nalo ni kusoma maswali na kuyajibu.

Historia kwa ufupi

Haifai kudhani kwamba teknolojia ya sauti ni mgeni Mombasa. Katika miaka ya 1950 mji huu ulikuwa na kituo chake cha redio, Sauti ya Mvita, kilichowapa wasikilizaji Kiswahili kwa matamshi ya wenyeji. Baadaye vipindi vya shule vya redio viliwafikia wanafunzi wa nchi nzima. Kompyuta nazo zilipoingia, wapenzi wa lugha walishughulika kuzipa jina. Wengine walisema tarakilishi, wengine ngamizi, na walio wengi wakabaki na kompyuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba lugha yetu haikupungukiwa na maneno ya kuiendesha mashine.

Kwa upande wa sera, ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa wakati wa uchaguzi wa 2013, na usambazaji wa vishikwambi katika shule za msingi za umma ukaanza mwaka 2016. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, uliuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Hata hivyo, mpango wa vishikwambi uliwalenga wanafunzi wa madarasa ya chini. Mwanafunzi wa shule ya upili wa Kisauni hakuwamo. Yeye alikutana na teknolojia kupitia simu ya mzazi, jioni, mzazi akisharudi kutoka bandarini, sokoni au kwenye matatu, na kwa zamu baina yake na ndugu zake.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona, masomo yalihamia redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Hadi zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, pengo baina ya mwenye bando na asiyekuwa nalo lilikuwa limeonekana wazi. Tena lilionekana jambo la pili lisilotajwa sana: hata aliyekuwa na bando alipewa zaidi muhtasari na maswali ya mitihani iliyopita. Aliyasoma peke yake, akayajibu peke yake.

Wanayoyataka wanafunzi

Jambo la kwanza ni kusikia. Mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne una karatasi tatu: ya insha, ya lugha na ya fasihi. Hakuna hata moja inayomsikiliza mtahiniwa akizungumza. Mwanafunzi hufafanua vina na mizani bila ya kulisikia shairi likighaniwa, na huorodhesha sifa za mtambaji bora pasi na kumwona mtambaji. Ndiyo maana wanafunzi wengi waliulizia rekodi: shairi lisomwe na anayejua kulighani, tamthilia iigizwe, mazungumzo ya isimujamii yasikike kama yanavyosikika kivukoni. Simu ina uwezo huo, na faili ya sauti ni nyepesi kuliko video, hivyo bando haliishi upesi.

Haja hii ni kubwa zaidi kwa mwanafunzi asiyeona. Likoni ina shule ya msingi ya wasioona inayojulikana nchini kote. Kwa mwanafunzi wa aina hiyo, kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti ni sawa na daftari. Programu huria ya eSpeak inayo sauti ya Kiswahili, lakini mahali ambapo sauti kama hiyo haijawekwa, mashine huyasoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza. Hapo msikilizaji huanza kwa kufumbua fumbo la mashine kabla ya kulifikia shairi.

Jambo la pili ni kuuliza. Katika darasa lenye wanafunzi wengi, wapo wasiothubutu kuinua mkono. Hasa ni wale wanaochelea kuchekwa: aliyehamia kutoka bara ambaye upatanisho wa ngeli humtatiza, na pia mzawa wa Mombasa ambaye lahaja yake humponza. Huyu wa pili anastahili kuzingatiwa. Nyumbani husema mato, ndia na nti. Shuleni hutakiwa aandike macho, njia na nchi. Akiandika kwenye simu, kikagua-tahajia nacho humpigia mstari mwekundu. Mashine imerithi hukumu ya kalamu ya mwalimu, wala haimwelezi kwamba hilo alilolisema ni Kimvita, lahaja iliyobeba tungo za Muyaka bin Haji, na kwamba Kiswahili sanifu ni sajili nyingine anayopaswa kuimudu. Mwanafunzi anataka mahali pa kuuliza kwa nini, wala si pa kuambiwa umekosea tu.

Jambo la tatu ni kutunga na kuhifadhi. Wapo wanaoandika mashairi kwenye simu wakayafuta kwa kukosa nafasi. Wapo wanaotamani kuwarekodi nyanya zao wakitega vitendawili kwa Kidigo na Kigiriama, kisha wavilinganishe na vya Kiswahili. Watu hawa hawaombi kupewa maarifa; wanaomba kuyaongeza.

Kizingiti cha simu

Shule nyingi zinakataza simu, na katazo hilo lina sababu zake. Mtihani wa kidato cha nne wa 2015 ulivuja, maswali yakasambaa kwa simu, na Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Aidha, tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipotolewa kwa umma, mwalimu wa insha amekuwa na shaka mpya: anayemsahihisha ni mwanafunzi au ni mashine?

Shaka hizo ni za haki, lakini zinachanganya mambo mawili, yaani kutaka jibu na kutaka njia ya kulifikia. Mwanafunzi anayetumiwa insha iliyokwisha kuandikwa ametaka jibu. Anayemrekodi nyanyake hawezi kuibia, maana alilonalo halimo popote isipokuwa kinywani mwa yule bibi. Kinaya ni kwamba somo la fasihi simulizi lenyewe hufunza mbinu za utafiti wa nyanjani, na mtahiniwa huulizwa faida za kutumia kinasasauti. Mwanafunzi wa Changamwe hukariri faida hizo ili apate alama, ilhali kinasasauti kimo katika simu iliyo nyumbani kwao na hajawahi kukitumia kwa ajili ya somo hilo.

Pendekezo la somo

Tunapendekeza somo la fasihi simulizi linaloweza kufanyika bila mtandao, na bila simu ya mwanafunzi kuingia shuleni.

Kwanza, darasa ligawanywe katika makundi, kila kundi likiwa na angalau nyumba moja yenye simu ya kurekodi. Kila kundi lichague utanzu mmoja, kwa mfano vitendawili, methali za bahari au nyimbo za vugo, na liandae maswali matano.

Pili, jioni au mwisho wa juma, kundi limrekodi msimulizi mmoja kwa muda usiozidi dakika tatu. Aombwe ruhusa kwanza, na aelezwe rekodi itatumiwa wapi.

Tatu, mwalimu azihifadhi rekodi katika kadi au diski ya mweko na kuzichezesha darasani kwa kipaza sauti. Wanafunzi wanukuu wanachokisikia, kisha wajadili kilichopotea katika maandishi: kiimbo, kicheko, kimya cha msimulizi, maitikio ya hadhira.

Nne, maneno ya lahaja yaandikwe kama yalivyotamkwa, na kando yake yaandikwe ya Kiswahili sanifu. Orodha hiyo ni somo la isimujamii, wala isigeuzwe kuwa orodha ya makosa.

Tano, nakala irudishwe kwa msimulizi. Mali ni yake.

Katika somo hili mwanafunzi amesikia, ameuliza na ametunga. Simu moja imewatosha wengi, na mtihani haukusahauliwa.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba matarajio ya wanafunzi hayalingani na yale wanayopelekewa. Kununua vifaa ni wajibu wa serikali, lakini kuvitia sauti ya Kiswahili ni wajibu wa wataalamu wa Kiswahili. Idara zetu zina wanafunzi wanaoghani, wanaoigiza na wanaofanya utafiti wa nyanjani kila mwaka, na aghalabu kazi zao huishia kabatini zikisubiri vumbi. Chama chetu kingeweza kuanza na jambo dogo: kila mwanachama arekodi shairi moja au hadithi moja, kwa idhini ya mwenyewe, na kuipeleka katika shule moja ya upili aliyo karibu nayo. Wazee wanaozijua tungo hizo hawatatungoja, na watoto wanaozitaka wanazidi kuzoea kutosikilizwa. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu bado unazibika.